Njiti Aliyelegeza Mkanda

Mdogo wangu alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, na sasa anazeeka mwembamba. Mama yetu alikuwa akisema huyu mtoto hakuzaliwa, alichomolewa kama njiti kwenye kiberiti. Basi jina likamganda. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Njiti mpaka siku ya mwisho.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, kwa hiyo nina haki ya kumwandika. Shule niliishia ya msingi, lakini mwandiko wangu mwalimu aliuzungusha darasa zima ili wengine waone, na kichwa changu hakijasahau kitu mpaka leo. Watu wanamjua Njiti kwa nguvu zake. Mimi namjua kwa nguvu hizo na kwa alichomfanyia mwanangu akiwa nazo.

Kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu. Mtu akihama nyumba, Njiti na wenzake huja na lori, wakafungua vitanda, wakatoa milango ya makabati, wakashusha kila kitu kwenye ngazi na kwenda kukipandisha kwenye ngazi nyingine. Kituo chao kiko nyuma ya soko la mbao: lori moja, benchi moja la kukalia, na dereva ambaye ndiye mkubwa wao. Alipokwenda kuomba kazi pale ujanani walimcheka. Dereva wa wakati ule alimwambia akae kando upepo usije ukampeperusha. Wakampa kuosha lori. Aliosha lori huku akitazama wenzake wanavyoshika, wanavyokanyaga, wanavyopumua. Siku mmoja wao alipougua akaingia yeye, na hakutoka tena.

Ngazi ndizo zilizompa sifa. Kwenye tambarare, kila mtu ni mbebaji. Kwenye ngazi mnakuwa wawili, mmoja juu na mmoja chini, na kati yenu mkanda wa turubai unaopita chini ya mzigo na kuzunguka mabegani. Wa chini anapokea. Wa juu anazuia. Wa chini anashuka kinyumenyume, haoni anakokwenda, anapapasa kipandio kwa kisigino, ndiyo maana sauti ni yake: yeye ndiye anayesema "shusha," na mzigo hausogei kabla hajasema. Naye wa juu kazi yake ni kuushika uzito, kuuachia kidogo kidogo kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa. Akizuia vizuri, wa chini anapokea nusu. Asipozuia, wa chini anapokea nyumba nzima.

Njiti alikuwa wa chini kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote pale. Mkono wake ungeweza kuuzungusha kwa vidole vyako viwili, lakini ukimshika kiganja unahisi umeshika mzizi. Walikuja wanaume wenye vifua kama milango, wakaingia ngazini kwa mbwembwe, wakatoka wakihema na kutafuta maji, na Njiti anafunga mkanda kwa mzigo wa pili. Alikuwa na msemo wake mmoja: ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Akiusema, benchi zima hucheka. Nami nilikuwa nikiusema sokoni kwa niaba yake, kwa sababu aliyetoka tumbo moja na mimi hasifiwi na wengine nikanyamaza.

Mwanangu baba yake alifariki akiwa hajaanza hata shule. Njiti hakuwa na mtoto, akamchukua kama wake. Yeye ndiye aliyemfundisha baiskeli, aliyekwenda kuongea na mwalimu siku kijana alipopigana, aliyemnyoa ndevu za kwanza. Nyumbani kwangu ulikuwa husikii jina, unasikia mjomba kutwa nzima. Mjomba amesema, mjomba hapendi, mjomba atakuja.

Lakini kijana hakufanana na mjomba wake mwilini. Alikwenda upande wa baba yake, watu wa mabega. Halafu akaanza vyuma. Walikuwa na bomba nyuma ya gereji, wameliunganisha kila upande na kopo lililojazwa saruji, na hapo vijana wa mtaa walinyanyua mpaka jua linazama. Akapanuka. Mashati yake niliyatoa mshono nikayaongeza kitambaa ubavuni, na bado vifungo vililia akicheka. Wakamwita Kifua. Alipokosa kazi ya maana, Njiti mwenyewe akampeleka kituoni, akamwambia dereva huyu ni damu yangu, mpe nafasi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyeona. Kwenye tambarare Kifua hakuwa na mpinzani. Friji ambalo Njiti na mwenzake walilisogeza kwa kulitembeza pembe kwa pembe, yeye alilikumbatia akalipeleka kwenye lori kama mtu anayecheza muziki na mkewe. Wateja wakaanza kumtafuta yeye. Siku moja mama mmoja wa ghorofani alimpita Njiti mlangoni kama anampita mfagio, akamuuliza Kifua: wewe baba ndiye kiongozi wao? Benchi likapata mazungumzo ya wiki nzima. Na Kifua, kwa utani wa mpwa kwa mjomba, akasema mbele ya wote, "Mjomba, kuanzia leo wewe beba mito. Vingine tuachie."

Ulikuwa utani. Nimeurudia kichwani mara nyingi, na ulikuwa utani tu, hata Njiti alicheka. Lakini kuna utani unaoingia kama mwiba, unatembea mwilini na kutokea mahali pengine kabisa.

Nitaeleza siku ya kabati kama ilivyokuwa, si kama nilivyoambiwa mwanzo.

Lilikuwa kabati la mbao ngumu ya zamani, la mjane mmoja aliyekuwa anahamia kwa binti yake, ghorofa ya juu kabisa. Milango walishaitoa, na hata hivyo wanaume wawili walilisogeza kwa kuguna. Kwa kawaida Njiti angeingia chini. Kifua akasema leo anapokea yeye. Wenzake wakapiga makofi. Njiti hakubisha. Akamfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akaukagua, akapanda juu.

Ngazi ya kwanza walishuka vizuri. Kifua anasema shusha, Njiti anaachia kidogo, kabati linakuja. Walipofika kwenye kona, mahali mzigo unapogeuzwa, Kifua akasema shusha. Na mdogo wangu akalegeza. Hakuteleza. Alilegeza mkanda kwa makusudi, kwa kipandio kimoja tu, ili kijana aonje. Aonje kidogo kazi ya chini inavyokuwa, halafu wafike chini na acheke naye, amwambie umeona sasa nani wa kubeba mito. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Hakutaka kumvunja. Lakini kabati halikujua lilikuwa linatumwa kufundisha.

Kifua akasema, "Mjomba, zuia."

Njiti akavuta, lakini goti lilikuwa limeshapinda kwa ndani. Wenzao waliokuwa chini walisikia sauti kama kijiti kibichi kinavunjika.

Walimleta kwangu jioni, mguu umefungwa tangu pajani. Dereva alisema goti lilimshinda. Njiti alikuwa amesimama nyuma yake akitazama ukuta. Nilidhani ni huzuni. Huzuni na hatia zina sura moja, na mimi sikuwa na sababu ya kuangalia mara mbili.

Mtaa haukuchelewa. Kifua? Misuli ya upepo ile. Ya kupigia picha. Kabati moja tu limemkalisha, na mjomba wake njiti ya kiberiti anashusha makabati kila siku. Ule msemo wa Njiti wa pua na kamasi ukarudi kutoka midomo mingine, sasa ukimlenga mwanangu. Niliufungia mlango, lakini maneno hayapiti mlangoni.

Na Njiti alitukuka. Ilikuwa lazima kijana apelekwe zahanati mara kwa mara, nasi tunakaa ndani kichochoroni, gari haliingii. Basi Njiti alimbeba mgongoni. Hebu muone: mtu mwembamba kama fimbo ya kuegemea, na juu yake jitu zima, miguu inakaribia kugusa chini, anapita sokoni. Wauza mboga walisimama. Mmoja akasema hiyo ndiyo nguvu, si mashati ya kubana. Mwingine akaniambia mimi nina bahati ya kuwa na ndugu kama huyu. Nami nilitembea nyuma yao kifua mbele.

Sasa ndiyo naelewa kwa nini alikuwa akifika nyumbani uso umemwiva kama aliyepigwa. Alikuja kila siku kabla ya kazi na baada ya kazi. Alichota maji, alipasua kuni, alirekebisha kitanda cha kijana. Lakini hakula. Nikimpakulia alisema ameshiba. Nikimpa kiti aliketi kizingitini. Nilimwambia anajitesa bure, ajali ni ajali. Akaniomba nisimsifu tena. Nikadhani ni unyenyekevu, nikamsifu zaidi.

Kifua naye alizama. Hakumlaumu mtu hata siku moja, alijilaumu mwenyewe. Alimwita kijana wa jirani akachukue makopo yake ya saruji. Alisema amepoteza miaka akijaza mwili hewa, na Mungu amemuonyesha. Kulikuwa na kazi ya kukaa langoni kwenye shule moja, kufungua na kufunga, na akasema hiyo ndiyo saizi yake. Nilimjibu kwamba mwanangu hana saizi ya lango. Akageukia ukutani.

Kilichonitisha ni mguu. Bandeji ilipofunguliwa, paja lilikuwa limenyauka, limebaki nusu ya lile jingine. Pale zahanati kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu. Alimpa mazoezi ya kufanya kila siku. Kifua hakuyafanya. Tulipoenda mara ya pili alipima paja kwa utepe, akakasirika, akamwambia asipolifanyisha kazi litabaki hivyo, atachechemea mpaka kaburini. Kijana akajibu kwa upole kwamba hana haja ya kulijaza tena, lilijazwa mwanzo na halikumsaidia kitu. Akamnyooshea Njiti kidole: muone mjomba, hana msuli, ana nguvu.

Binti akacheka kidogo, si kwa dharau. Akanigeukia mimi, nadhani aliona mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza.

"Msuli ni kama darasa, mama," alisema. "Darasa kubwa lina wanafunzi wengi, lina uwezo wa kupiga kelele kubwa. Lakini mwalimu akiita na nusu wasisimame, darasa dogo lililofundishwa vizuri litalishinda. Mjomba amefundisha la kwake miaka yote, akiita wanasimama wote mara moja. Huyu wa kwako ana wanafunzi wengi zaidi, ila hawajazoea ngazi. Lakini wapo. Msuli si upepo. Wakifundishwa sawasawa, mwenye wengi ndiye atakayebeba zaidi."

Halafu akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. Akasema hata bila mazoea, kwa mapaja aliyokuwa nayo kijana huyu na mzigo wa watu wawili, goti halikupaswa kwenda vile. Akauliza yule wa juu alikuwa ameshikaje.

"Alishika vizuri," alisema Njiti. Alisema hivyo, alishika, kana kwamba wa juu alikuwa mtu mwingine ambaye hayupo chumbani.

Siku hiyo alimbeba Kifua kurudi bila kupumzika hata mara moja, akamlaza, akaondoka bila kuaga. Kesho yake hakuja asubuhi. Alikuja mchana, saa za kazi, mimi niko uani naosha vyombo. Akachuchumaa upande wa pili wa beseni. Nikamuuliza anaumwa? Akachukua sufuria akaanza kuisugua, naye tangu utotoni hajawahi kunisaidia sufuria.

Alisema akinyamaza mguu utakufa, na akisema, yeye atakufa kwetu. Nikamwambia aseme. Akasema yote, kona, mkanda, mito, kipandio kimoja. Hakunitazama, yale yote aliyaambia masizi ya sufuria.

Nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa na povu mpaka kwenye kiwiko na nilitaka kumpiga nao vivyo hivyo. Nilikumbuka wauza mboga, nikajiona nikitembea nyuma yake kifua mbele. Halafu akaniuliza, kama alivyokuwa akiniuliza tukiwa watoto amevunja kitu, "Dada, nifanyeje?"

"Mimi sina mguu uliovunjika," nilimjibu. "Mwenye mguu yuko ndani."

Aliingia. Sikumfuata, lakini kati ya ua na chumba cha kijana kuna pazia tu, na masikio yangu ni mazima. Alirudia yale yale, kwa maneno machache zaidi.

Kifua akauliza, "Ungezuia, kabati ningeliweza?"

"Ungeliweza."

"Unajuaje?"

"Mkanda unasema. Nilipolegeza, nilisikia umesimama nalo. Lote, peke yako. Ulisimama pumzi nzima ndipo goti likapinda, kwa sababu mguu ulikuwa haujakaa sawa kwenye kona." Akashusha sauti. "Mimi nisingesimama nalo. Lingenipeleka mpaka chini. Nilijua siku ile ile, nikawaacha watu waseme unavyosikia wanasema."

Nilishika beseni kwa mikono miwili. Kumlegezea kijana mkanda lilikuwa kosa la nukta moja, la hasira, na hasira nazijua. Lakini hili la pili alilifanya kila siku. Kila asubuhi aliamka akaona mwanangu anadharau mwili wake mwenyewe, na alikuwa na neno moja la kumponya, akalifungia mdomoni kwa sababu lilikuwa limemtengenezea kiti kizuri mtaani.

Kifua alimwambia aende akaseme kituoni, mbele ya wote. Hakusema mjomba. Alisema, "Kaseme pale pale uliponichekea utani wa mito."

Tulikwenda watatu, Kifua kwa mkongojo, hakukubali kubebwa. Wenzao walikuwa benchini wanasubiri mzigo. Njiti alisimama mbele yao kama mtoto anayesomeshwa, akasema. Mzaha wote ukakatika. Dereva akavua kofia, akaitazama ndani yake kama ana kitu amekisahau humo. Kisha mmoja, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishuka ngazi chini ya Njiti siku Njiti alizochoka kupokea, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na sisi ulitulegezea mara ngapi?"

Njiti akasema hajawahi. Nadhani alisema kweli. Lakini hakuna aliyemjibu kwamba anamwamini, na tangu siku hiyo hakuna anayekubali kuwa chini yake. Wanamweka chini yeye, kila mzigo, na umri ule. Hajalalamika.

Kifua aliagiza makopo yake ya saruji yarudishwe. Kazi ya langoni aliikataa. Mazoezi yenyewe, mengi anayafanya peke yake, lakini kuna moja linalotaka mtu mwingine: mgonjwa anakaa kitandani, mwenzake anashika wayo na kuusukuma, naye anausukuma arudishe, kwa nguvu zote. Nilijaribu mimi. Mguu ule ule mgonjwa ulinishinda. Yule binti wa zahanati akasema anatakiwa mtu mwenye mkono mgumu kweli.

Kifua alikaa siku kadhaa akiutazama wayo wake. Mwishowe akaniambia, bila kunitazama, nimwite yule ndugu yangu.

Basi Njiti huja asubuhi. Hubisha hodi kama mgeni, huingia, hupiga magoti kando ya kitanda, hushika wayo. Hawazungumzi. Neno pekee nililokuwa nikisikia ni la Kifua: kaza. Kaza. Usinilegezee. Na Njiti anakaza mpaka mishipa ya shingo inasimama, huku jasho linamdondoka sakafuni. Mwanzo wayo haukusogea, ulikuwa kama unasukuma ukuta. Halafu ukawa unasogea kidogo. Paja likaanza kujaa. Nilikuwa nikilipima kwa jicho nikipita na chai.

Juzi nilikuwa nafagia ukumbini nikasikia kishindo. Nikakimbia. Njiti alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu imetawanyika kama mtoto aliyeanguka kwenye kigoda. Mguu ulikuwa umemrusha. Yeye mwenyewe aliutazama, ule mguu, uko umenyooka hewani unatetemeka, na nikaona uso wake unavunjika. Aliinuka akatoka nje upesi, akasimama uani akiegemea pipa la maji, mgongo wake ule mwembamba unapanda na kushuka.

Nilibaki mlangoni, sijui nimfuate nani. Kifua alikuwa ameushusha mguu, analisugua goti taratibu, anahema. Alikuwa akisikiliza yanayoendelea nje kama ninavyosikiliza mimi.

"Mama," alisema, "mwambie aingie. Hatujamaliza."

Nilimwambia. Njiti akanawa uso kwenye pipa, akajifuta kwa shati, akarudi ndani na kupiga magoti. Akaushika wayo.